Mwisho wa Upande wa Pili

Kila ninaponusa manukato ya kiume ya bei rahisi, namwona mjomba sebuleni kwetu Nyakabanda, Jumapili baada ya misa, akisafisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba iliyochovywa manukato yake. Alikuwa amerudi kutoka masomoni Ubelgiji mwaka 1991, bila shahada, ila na skafu aliyoivaa hata jua likiwaka. Mama, mdogo wangu na mimi tuliamriwa kunyamaza, tukamsikiliza mzungu mmoja mwenye gitaa na koo kavu akiimba kwa Kifaransa. Mjomba alitutafsiria: mvua, makaburi, mke aliyemtoroka. Nilikuwa na miaka tisa na nilimwelewa vizuri sana yule mke. Kila wimbo ulipoisha, mjomba alifumba macho akatueleza kwamba huo ndio utupu wa mwanadamu. Debe tupu haliachi kuvuma, nasi tulikuwa nayo mawili, moja redioni na jingine kitini.

Kaseti yenyewe ilikuwa barua. Baba alikuwa dereva wa lori Bujumbura, na kama wengi wa wakati ule alijirekodi akitusalimu, kisha akavunja vile vipande viwili vya plastiki vya juu ili sauti isifutike. Mjomba aliziba matundu kwa karatasi, akaenda kwa rafiki yake mwenye redio ya kaseti mbili, akanakili muziki wake juu ya baba. Mama alipomuuliza, alijibu kwa utulivu, "Barua mulishaisikia. Sasa iko na kazi gani tena?" Wiki tatu baadaye baba alifia barabarani.

Lakini muziki ulikuwa mfupi kuliko utepe. Baada ya wimbo wa mwisho wa upande wa pili ilibaki sauti ya baba: "Na mlango wa nyuma mufunge vizuri. Haya, nimemaliza." Kisha kikohozi. Mjomba hakuisikia kamwe, maana wimbo huo ulipofifia alitoka nje kuvuta sigara, machozi yakimlenga. Wala hakuruhusu turuke wimbo hata mmoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama zaidi ya miaka miwili, nikijitolea kuzima redio ili niwe karibu. Mama alibaki kitini akitazama mikono yake. Siku moja mjomba alinipapasa kichwa akamwambia mama, "Huyu mutoto iko na sikio." Nilimdharau mpaka meno yakaniuma.

Redio, kaseti ikiwa ndani, ilibaki katika nyumba tuliyoikimbia mauaji yalipoanza Aprili 1994. Tuliporudi, hata mlango wa nyuma haukuwapo.

Leo simu yangu ina nyimbo nyingi kuliko redio zote za Nyakabanda ya enzi hizo, na vijana wenye skafu zao wananiambia yule mzungu alikuwa bingwa. Sibishani nao. Namjua neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Ya baba nimebaki na maneno tu, na kila nikiyarudia kichwani, mlango wa nyuma mufunge vizuri, yananijia kwa lile koo kavu la yule mzungu.