Mwalimu Breki na Usukani wa Gemu

Shemeji yangu alifundisha watu kuendesha gari kwa miaka ishirini na saba, na miaka yote hiyo kazini hakushika usukani. Alikaa kushoto. Mbele yake kulikuwa na pedali moja tu, breki ya mwalimu, na kwa sababu ya pedali hiyo mji mzima unamwita Mwalimu Breki. Mimi namwita shemeji. Yeye ananiita Kiti cha Nyuma, kwa kuwa ndiko ninakokaa na ndiko ninakopigia kelele.

Wakifika njia panda, hata barabara ikiwa tupu, lazima amuulize mwanafunzi: "Kushoto kuna nini?" Mwanafunzi ataje: mama na mkokoteni, pikipiki, mbwa. Jibu mwenyewe alikuwa nalo tayari, alishatazama kabla ya kuuliza. Ole wako useme hakuna kitu na mbwa yupo. Breki inakanyagwa, paji la uso linakaribia kioo, na somo la siku hiyo limekwisha.

Mwaka jana akaanza kugonga. Si magari, vitu vya nyumbani: fremu ya mlango, kona ya meza, kikombe kilichowekwa mkono wa kushoto. Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, akamburuta kwa daktari wa macho. Wakamkalisha mbele ya mashine, atazame nukta ya katikati na kubonyeza kitufe kila akiona kimwanga pembeni. Alibonyeza mara chache mno. Ni presha ya macho, daktari akasema, imeshakula pembeni, hasa upande wa kushoto, na kilicholiwa hakirudi. Dawa ya matone italinda kilichobaki. Kuendesha, basi. Kufundisha, basi.

"Mashine yao mbovu," shemeji alisema kabla hata hatujatoka getini. "Ningekuwa sioni, si ningeona giza? Mimi naona vizuri kabisa."

Daktari alikuwa ameshalieleza hilo. Mgonjwa haoni giza, ubongo unajaziajazia, naye anadhani barabara ni tupu. Lakini shemeji akishapinda haambiliki. Shule ya udereva ilimuaga kwa heshima, ikampa na zawadi: gari kuukuu la mafunzo, na breki zake mbili. Aliyebuni zawadi hiyo simjui, ila ningependa sana tukutane. Funguo zikahamia mfukoni mwa shemeji, na kila asubuhi akawa anaendesha kwenda kununua maziwa, duka lenyewe hatua mia mbili kutoka mlangoni.

Dada hajui kuendesha. Aliwahi kumwomba amfundishe, ndoa ingali changa, akajibiwa kwamba mke hafundishiki, mtagombana bure. Mimi pia sijui. Kwa hiyo nyumba ile haikuwa na mtu wa kumwambia, lete funguo niendeshe mimi.

Nisiwe mwongo, nilikuwa naogopa. Kila nikisikia gari lile linawashwa, roho juu, wala si kwa ajili yake. Ni kwa ajili ya mtoto wa watu anayevuka kutoka kushoto, akiamini kwamba dereva amemwona.

Sasa, binti yao aliyeolewa mbali alikuwa ameacha mashine ya gemu pale sebuleni, imeunganishwa kwenye televisheni. Dada akamwekea mumewe mashindano ya magari, labda hamu itapoa. Shemeji akakishika kile kidude cha kuchezea, akakigeuza, akakirudisha.

"Gari linaendeshwa kwa vidole gumba? Hilo si gari, hiyo ni simu." Kisha akaongeza kwa kejeli: "Nileteeni usukani wa maana, na pedali zake. Nikiona unafanana na gari, funguo nawapa siku hiyo hiyo."

Alidhani kitu kama hicho hakipo. Akaendelea kukaa kwenye sofa, upande wa kushoto, anatazama taarifa ya habari, na kila gari likipita kwenye skrini mguu wake wa kulia unakanyaga zulia. Zulia hapo limeisha manyoya.

Mimi ahadi ile niliidaka. Nikaulizia huku na huku, nikaambiwa lipo duka la vifaa vya gemu, na wana usukani uliofungwa mbele ya kiti, mteja ajaribu kabla ya kununua. Jumamosi alasiri tukaenda watatu. Aliendesha yeye, kwa mara ya mwisho, nilijiambia. Njia nzima nikawa napiga kelele, "Kushoto, shemeji! Baiskeli!" naye ananijibu, "Nimeiona, Kiti cha Nyuma," baiskeli ikiwa imeshabaki nyuma yetu.

Muuzaji, mwanamke wa miaka thelathini hivi, alimtambua mara moja.

"Mwalimu! Ulinifelisha mara mbili!"

"Na ya tatu?"

"Nikafaulu."

"Basi unanidai nini?" shemeji akasema, akaketi.

Kwanza alisogeza kiti mbele, akakirudisha nyuma kidogo. Akapapasa begani. "Mkanda uko wapi?"

"Hakuna mkanda, Mwalimu."

"Indiketa?"

"Hakuna."

"Hawa watu wanakata kona bila kuonyesha?" Dada alicheka mpaka akashika meza.

Mashindano yakaanza. Wenzake wakaondoka kwa kishindo, yeye akasubiri wapite wote, ndipo akaingia barabarani, mwendo wa hamsini. Gurudumu likigusa changarawe, usukani unatetemeka mikononi mwake, naye anatikisa kichwa. "Mh. Unafanana." Nikamfinya dada. Kikaratasi cha bei nilikuwa nimeshakigeuza kisije kikatuharibia.

Wale walioondoka wakamaliza mzunguko, wakamkuta. Yeye, muungwana, akasogea kushoto awapishe. Usukani ukamruka mikononi.

"Nani huyo kanigonga?"

"Umegonga wewe, Mwalimu," alisema muuzaji. "Gari la bluu, kushoto."

"Kushoto hakukuwa na mtu."

Akaanza upya. Akagonga tena, upande ule ule. Mara ya tatu akageuka kwa hasira. "Mashine yako mbovu!"

Maneno hayo tulishayasikia. Muuzaji hakubishana. Akabonyeza mahali, skrini ikaonyesha mchezo ulivyokwenda, safari hii kutoka juu. Gari lake jeupe lilikuwa katikati, na la bluu ubavuni mwake, linakwenda naye sambamba, muda mrefu. Kisha jeupe likahama taratibu na kulifuata la bluu hapo hapo lilipo.

"Rudisha," shemeji akasema.

Likarudishwa. Akainuka, akaweka kidole juu ya gari la bluu. "Hili lilikuwepo muda wote?"

"Muda wote, Mwalimu."

Akakaa. Baadaye akasema, bila kumtazama yeyote, "Asubuhi kuna mtu alipiga ukelele pale dukani kwenye maziwa. Mimi nikamtukana."

Dada aligeukia ukutani akajifuta macho kwa kiganja. Shemeji akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akamwekea mkononi.

"Chukua. Nimeona unafanana."

"Basi tununue?" dada akauliza.

"Wa nini? Kazi yake umeshamaliza."

Nilifurahi, na papo hapo nikamhurumia kiasi kwamba sikujua nitazame wapi. Halafu ndipo nikagundua: gari liko nje, funguo anazo dada, na kati yetu hakuna wa kulirudisha nyumbani. Mtu aliyeingiza nusu ya mji barabarani!

"Ungemfundisha mkeo miaka ile," nikamwambia, "leo tusingeaibika."

"Najua," alijibu. Nilitegemea anitukane kidogo, hakunitukana.

Muuzaji akasema atafunga saa kumi na moja, atatupeleka yeye. Saa ilikuwa kumi. Tukatoka kungoja nyuma ya duka, kwenye uwanja mtupu wa kushushia mizigo, ambako gari letu lilikuwa limeegeshwa. Shemeji akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kushoto.

"Mama, kaa huko," akamwambia dada. "Hatutoki nje ya uwanja huu. Kiti cha Nyuma, funga mdomo."

Dada akakamata usukani kwa mikono miwili. Klachi, gia ya kwanza, achia taratibu. Gari likazima. Likazima tena. "Si ulisema mke hafundishiki?" dada akanung'unika. "Achia taratibu, nimesema," shemeji akajibu, na safari hii likaondoka, likatambaa hadi mwisho wa uwanja, penye pembe ya ukuta.

"Simama."

Akasimama. Shemeji akageuza kichwa chote kushoto, akakaa hivyo kidogo, akamrudia mkewe.

"Kushoto kuna nini?"

Swali hilo nimelisikia miaka ishirini na saba. Siku hiyo alikuwa anangoja jibu.

Dada akanyoosha shingo, akatazama bila haraka. "Kuna ndoo," akasema. "Na paka anapita mbele yake."

"Asante," alisema shemeji. "Mpishe."