Pombe Isiyoonjwa

Kama kuna mtu aliyejua kuona wivu pale Mungaa, basi ni Hana, mke mkubwa wa Yeremia. Hakuwa mchawi, hakuwa mwizi, na ulimi wake haukuwa mbaya kuliko wangu mimi jirani yake. Lakini wivu! Martha, mke mdogo, akinunuliwa khanga, Hana anaumwa kichwa. Martha akicheka, Hana anataka kujua anachekwa nani. Zamani walau kila mmoja alikuwa na mji wake, mbali na mwenzake. Ilipokuja Operesheni Vijiji tukapangwa kwa mistari kando ya barabara, na nyumba zao zikakaribiana mno. Martha akikaanga kitunguu, Hana anakisikia harufu kitandani kwake, na anajua Yeremia leo anakula wapi.

Hana hakujaliwa mtoto. Theresia, binti wa kwanza wa Martha, alibebwa mgongoni na Hana, maana mama mtu aliugua muda mrefu baada ya kujifungua. "Aliyezaa ni yeye, aliyelea ni mimi," alikuwa akisema, na alisema mara nyingi kuliko ilivyofaa.

Kitu kimoja Martha hakuweza kumshinda: pombe. Harusi zetu zote zilinywa pombe ya mtama aliyoipika Hana, na aliyeigawa ni yeye mwenyewe, kata mkononi, kando ya mtungi. Kwetu anayegawa huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni aone haina sumu. Hana alikuwa anaonja taratibu, watu wote wakimtazama. Siku hizo, jamani, alikuwa mtu.

Theresia alipochumbiwa na kijana wa Sepuka, Hana akapika pombe kuliko alivyowahi kupika. Siku ya harusi akajifunga khanga mpya, akaenda kushika kata yake. Akamkuta mwanamume kasimama pale, shati jeupe, tai ya kipepeo, kifungulio cha chupa kinaning'inia kiunoni. Ni Amri, mhudumu wa baa moja ya Singida Mjini. Martha alikuwa amemkodi bila kumwambia mtu.

"Dada, wewe leo pumzika," Martha akasema, tena kwa sauti ya kusikika. "Tuna wageni wakubwa. Tunataka mambo ya mjini."

"Nipike mimi, agawe mtu wa kukodi?"

"Kwani mwenye binti ni nani?"

Hana akaja kukaa nasi kwenye mikeka ya wanawake, na kila aliyepita aliusoma uso wake. Roho ilimuuma, naye hakujua kuificha.

Amri alizifungua bia za viongozi kwa madaha, wasichana wakamkodolea macho, Martha akachekelea kama vile kamzaa yeye. Kisha ikafika zamu ya mtungi. Amri akachota kibuyu, akampelekea Mzee Damiani, mjomba wa bwana harusi na mkubwa wa msafara.

"Shikamoo mzee. Karibu."

"Marahaba. Onja kwanza."

"Mimi Mwislamu, mzee. Pombe nauza tu, sinywi."

"Basi nami nitajuaje?"

"Kama unaogopa, nikuletee soda."

Vijana wetu wakacheka. Watu wa Sepuka hawakucheka hata mmoja. Mzee Damiani akauliza nani kaipika hiyo pombe, akaambiwa ni mke mwenza wa mama wa binti. Akakiweka kibuyu chini.

"Sisi hatunywi," akasema. "Na nyumba ambayo hatujanywa hatuwezi kuchukua binti. Tutarudi kwetu."

Yeremia akainamisha kichwa. Martha akageuka kutazama mikeka yetu, uso umemsawijika.

"Dada, umeweka nini humo?"

Nilikuwa nimekaa bega kwa bega na Hana, nikamsikia anavyopumua. Baadaye aliniambia kwamba tangu aione ile tai alikuwa ameomba harusi iharibike, aliomba kwa moyo wote. Kuomba tu. Akainuka, akapita katikati ya watu, akakitwaa kibuyu mbele ya miguu ya mzee. Hakuonja. Alikunywa chote, pombe ikimchuruzika shingoni hadi kwenye khanga mpya.

Alipokishusha, Mzee Damiani mwenyewe alikwisha kunyoosha mkono aletewe kingine. Lakini Hana alimtazama Theresia, na Theresia alikuwa amefunua shela, macho ameyakaza kwenye koo la Hana.

"Mama mkubwa," akauliza kwa sauti ndogo, "umemeza?"

Hana akafungua kinywa, akatoa ulimi, akageuka huku na huku ili mtoto aone vizuri. Ndipo Theresia akashusha shela, na wageni wakaanza kunywa.