Mgeni Aliyetupangia Safari ya Duisburg

Kabla hujasema bibi huyu keshaanza kuota mchana, nisikilize mpaka mwisho. Mie nimefundisha hesabu skuli za wasichana mpaka nikastaafu, na watu wakiniletea habari za majini nilikuwa nikiwacheka usoni. Hili halikumfika jirani, wala shoga yake jirani. Limenifika mie mwenyewe, na wallahi, nalihadithia kwa kuwa jua linawaka, usiku siwezi.

Mdogo wangu Zuwena alikuwa ndio kwanza katoka eda. Mumewe, Nassor, alikufa ghafla, na Zuwena akakaa eda yake yote ndani ya nyumba yao ya Bustan, hapa Omani. Eda ikaisha, yeye hakutoka. Hasemi. Ukimuuliza chai, "ndio." Ukimuuliza kalala vipi, "alhamdulillahi." Basi. Nikahamia kwake, maana nilikuwa naogopa atajidhuru. Nakwambia wazi, hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu, na sikumwambia mtu.

Mwanangu Khalid anasoma uinjinia Duisburg, Ujerumani, mji wa viwanda vya chuma. Ndiye aliyesema, "Mama, mlete khalti Zuwena huku abadilishe hewa." Salma, dada yake marehemu Nassor, akasema na yeye anakuja, lakini anafanya kazi wizarani na ruhusa hapati. Haya, iwe wikiendi yetu ya Ijumaa na Jumamosi: tuondoke Alkhamisi usiku, turudi Jumamosi usiku. Kwenda Ulaya na kurudi kama mtu anayekwenda sokoni! Lakini kwa Zuwena ningekwenda popote.

Siku ya kupanga tulikaa sebuleni kwake baada ya alasiri. Kahawa ipo, halwa ipo, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya kahawa, Khalid anatuona na sisi tunamuona. Hata hatujaanza, mlango ukagongwa. Salma akaenda kufungua, akarudi na mwanamke wa makamo, abaya nyeusi, uso wa upole, Kiswahili chake cha Unguja ya zamani.

"Makiwa, mwanangu," akamwambia Zuwena. "Nimechelewa, unisamehe." Akampa mkono, akakaa ubavuni pake, bega kwa bega.

Sasa nambie, weye ungemuuliza "nani weye"? Mtu kaja kwenye taazia, kutoa pole? Kwetu sisi huko ni kumtukana. Nikajua ni jamaa yao kina Nassor, maana Salma ndiye aliyemkaribisha. Nikamtilia kahawa, tukaendelea na mambo yetu.

Salma anataka maduka. "Weye utakwenda Ujerumani kununua mabakuli," nikamwambia, "na hapa madukani Ruwi yamejaa tele." Mie nilitaka kuona chumba anacholala mwanangu, nijue kama anakula. Khalid akataja boti za mtoni na makumbusho. Yule mgeni akatabasamu.

"Kuna kiwanda cha chuma kilichokufa," akasema. "Siku hizi watu wanatembea tu mle ndani. Jua likizama wanakiwashia taa za rangi. Lile tanuri lake kubwa lina ngazi za chuma mpaka juu kabisa. Zuwena atapapenda kule juu. Kimya. Unauona mji wote, na hakuna mtu wa kukuita urudi."

"Ndiyo hivyo hivyo!" Khalid akasema kwenye simu, anacheka. "Umepajuaje?"

Mgeni akaendelea na ngazi zake: wapi zinapinda, wapi upepo unapiga, wapi mtu avue viatu asiteleze. Nikamtazama Zuwena. Macho yamemganda mgeni, na midomo yake inatikisika kidogo kidogo. Nikadhani anavuta uradi. Na unajua nilifanya nini mie mpumbavu? Nilifurahi. Tangu afe mumewe sikuwa nimemuona anasikiliza kitu namna ile.

Karibu ya magharibi Khalid akaaga, nikakata simu. Salma akafukiza udi. Chetezo kilipofika kwa mgeni, akakisukuma kwa ncha za vidole. "Nna kifua," akasema. Tukasimama kusali, yeye akasema hana sala, na wanawake hatuulizani hilo. Salma akachukua gari yake akaenda zake. Mie nikataka kukimbia kwangu Matrah kuchukua nguo na dawa yangu ya presha, nirudi mara moja; Zuwena nilimuona ametulia, nikathubutu kumwacha.

"Unapita Maskati?" mgeni akaniuliza. "Nishushe."

Nani anakaa Maskati ile ya zamani siku hizi? Pana kasri na mawizara, ikishaingia jioni humuoni mtu. Lakini tena, uulize? Uonekane unamchungulia mtu maisha yake? Akaingia kiti cha nyuma, mie mbele peke yangu kama dereva wake. Nikakasirika, nikawasha gari.

Tukatoka Bustan. Njia ile inapanda katikati ya majabali meusi, na taa zilikuwa zimeshawashwa. Khalid akapiga tena, sauti yake ikatoka kwenye spika za gari.

"Mama, leo nna raha, wallahi! Khalti Zuwena kazungumza!"

"Kazungumza nini? Kanyamaza kutwa."

"Ebo! Na habari zote zile za tanuri kasema nani? Ngazi, taa, kimya cha kule juu? Kasema yeye, na nyinyi wawili mmemtolea macho tu. Mpaka nikamuuliza kapajuaje."

"Hayo kasema mgeni wake Salma, Khalid. Yule aliyekaa ubavuni pake."

"Mgeni gani, Mama? Mlikuwa watatu."

Simu ikakatika. Pale kwenye majabali mtandao haushiki, hilo kila mtu analijua. Lakini ikakatika pale pale, na ndani ya gari tukabaki mie na yule aliyekuwa nyuma yangu. Sikugeuka. Niamini, shingo ilikataa.

Kisha nikasikia, karibu na sikio langu, "Dada."

Sauti ya Zuwena. Siyo inayofanana. Ya Zuwena mwenyewe, na kile kikwaruzo chake alichonacho tangu utotoni.

"Dada, usirudi. Nshafika nusu."

Hapo ndipo akili iliponirudia. Kama sauti ya mdogo wangu iko humu, mdogo wangu yuko wapi? Nikageuza gari katikati ya barabara bila ya kutazama, mtu akanipigia honi mpaka nikadhani kanigonga. Nikaanza Ayatul Kursi, naijua tangu mtoto, ulimi ukanikwama, nikawa naanzia katikati, narudi mwanzo, napotea. Na nyuma yangu, kwenye kiti, nasikia miguu ya mtu anayepanda ngazi ya chuma. Ko. Ko. Ko. Ndani ya gari! Mie naendesha, nalia, nasoma, na yeye anapanda.

Nilipoziona taa za Bustan, kukawa kimya. Kimya kile kilinitisha kuliko vishindo. Sikutazama nyuma, wala mlango wa gari sikuufunga.

Nyumba iko wazi. Nikaita, Zuwena hajibu. Nikapanda juu ya paa la nyumba, na pale kuna kijumba kimejengewa tangi la maji, na kinapandwa kwa ngazi ya chuma iliyoshikizwa ukutani. Chini ya ngazi ile nikavikuta viatu vyake, vimepangwa vizuri pamoja.

Magoti yangu hata ngazi za msikitini yanazilalamikia, lakini nilipanda. Alikuwa amesimama ukingoni, miguu mitupu, abaya kavaa, mkoba begani kama abiria. Nikamkamata abaya kwa mikono miwili, nikamvuta tukaangukiana juu ya zege. Akanitazama taratibu, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Dada," akasema, "tushafika? Mbona taa hawajaziwasha?"

Nilimkumbatia nikalia kwa sauti, sikujali majirani. Baadaye nikampigia simu Salma. "Mgeni?" akasema. "Kwani si jamaa yenu? Mie nimefungua mlango tu, nikajua kaja kwako." Kikombe cha yule mwanamke tulikikuta kimejaa pomoni, na mie nilimuona kwa macho yangu anakunywa.

Safari haikuwapo tena. Zuwena tulimpeleka kwa daktari wa huzuni, na tukamsomea, yote mawili, na ninakwambia usiache hata moja. Sasa anakaa kwangu Matrah. Anapika, anacheka, anagombana na mie kwa chumvi. Ya siku ile hayakumbuki. Lakini Duisburg, mji asioukanyaga hata siku moja, ukimuuliza anakwambia ngazi zile zinapinda wapi.

Watu wananiita mkavu wa macho siku hizi. Mgeni hapiti mlangoni kwangu mpaka aseme yeye nani, wa nani, na kaalikwa na nani, hata kama kaja na machozi ya taazia. Wanune. Nawe ukiwa na mfiwa nyumbani, uliza. Mwenzio aliyemo ndani naye muulize, usidhani anajua. Bora uonekane huna adabu.

Na kwenye gari, Zuwena anakaa mbele, ubavuni pangu. Ananicheka, anasema, "Dada, mie si mtoto." Namwachia acheke. Ila akiniita kutoka nyuma yangu, jikoni au ukumbini, kwa sauti ile ile na kikwaruzo kile kile, sigeuki wala siitiki. Najua ni mdogo wangu, na moyo unaniuma, lakini nanyamaza vivyo hivyo mpaka aje mbele yangu nimuone uso.