Jina Langu Kwenye Lindo la Ziwani

Najua utakachosema. Utasema kijana alikuwa na njaa na baridi, amekaa sana na kompyuta mpaka akaanza kuona vitu. Hayo yote nimeshajiambia mwenyewe, tena kwa ukali kuliko utakavyoniambia wewe. Mimi ni mtu wa kufikiria jambo moja mara arobaini. Mlango nikiufunga, narudi kuushika mara tatu. Basi niamini ninapokuambia kwamba hili nalo nimelikagua kila upande. Lilitokea, na lilinitokea mimi.

Nilikuwa nimemaliza chuo, somo la kompyuta, na kwa miaka miwili nilikaa nyumbani Maretadu, huko Mbulu, nikipalilia maharage ya mama na kutuma maombi ya kazi yasiyojibiwa. Kisha kampuni moja ikanipa mkataba wa mwezi mmoja: niende kambi ndogo ya jeshi upande wa Basotu, kando ya ziwa, nikarekebishe programu yao ya kupanga zamu za lindo. Kanuni za zamu zilikuwa zimebadilika na programu ilikuwa bado inafuata zile za zamani. Mkuu wa kambi akisaini kwamba kazi imekamilika, nitaajiriwa. Asiposaini, narudi kwenye maharage.

Nivumilie nikueleze kanuni zenyewe, maana bila hizo hutanielewa. Askari alinde masaa manne tu kwa siku, kisha apumzike. Kila aliye lindoni, jina la atakayempokea liwe limeandikwa. Na hakuna kumwondoa mtu lindoni mpaka aliyekuja kumpokea atamke kwamba amepokea. Ratiba ikikosea hata moja, programu igome kuichapa. Nilizipenda kanuni hizo. Nilizipanga mstari kwa mstari kwa mikono yangu.

Niliyefanya naye kazi alikuwa karani wa zamu, Sajini Paskalina, mama wa Dongobesh mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Shikamoo afande," nilikuwa nikimwambia kila asubuhi.

"Marahaba, raia. Leo kompyuta imekubali, au bado inakudharau?"

"Imekubali kidogo."

"Kidogo! Na wewe ulikula ada ya mzee miaka mitatu ukasome kidogo!"

Nilimzoea. Kwa hiyo siku aliyoacha kucheka, niliona.

Kambi ilikuwa na malindo saba. Sita yalikubali kanuni mpya bila shida. La saba, Lindo la Ziwani, lilileta maandishi mekundu: ASKARI HAJAPOKEWA. Nikalifungua. Kulikuwa na jina moja, Koplo Gidahoi, ameingia lindoni tarehe ambayo mimi nilikuwa darasa la pili. Jina na tarehe vilinakiliwa kutoka kwenye daftari za zamani. Kisanduku cha atakayempokea kilikuwa kitupu.

"Afande, huyu Koplo Gidahoi yuko wapi siku hizi?"

Sajini Paskalina alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Hilo liache."

"Lakini programu haitachapa. Kanuni mpya inasema..."

"Nasikia inavyosema. Nami nakuambia hicho kisanduku hakijazwi. Kwenye daftari tulikuwa tunapiga mstari. Na wewe tafuta namna ya kupiga mstari."

Sasa niambie, kwenye programu mstari unapigwaje? Kwa watu wa fani yangu, kisanduku kitupu ni kosa, na kosa linarekebishwa. Nilikaa siku tatu nikilifikiria. Ijumaa ikafika, mkuu wa kambi anataka kuona ratiba, na Sajini Paskalina amekwenda Katesh kufuata karatasi. Nikajiambia, ngoja nijaribu tu, nione kama hitilafu iko hapo. Programu ilidai majina matatu kamili ya mtu aliyesajiliwa. Niliogopa kugusa jina la askari yeyote. Mtu mwingine pekee aliyesajiliwa mle ndani nilikuwa mimi.

Nikaandika majina yangu matatu. Wekundu ukatoweka. Ratiba ikatoka, safi, kurasa nne. Mkuu akaigeuzageuza, akasema, "Vizuri kijana, Jumatatu nasaini."

Na mimi, ninayeshika mlango mara tatu, nikasahau kulifuta jina langu. Kwa furaha tu.

Asubuhi ya Jumamosi niliamka mapema kutuma ripoti kwa kampuni. Mtandao pale kambini ulipatikana sehemu moja tu, kwenye mawe yaliyo juu ya ziwa. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili, kunaanza kupambazuka. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka majini mpaka kiunoni. Ukungu siuogopi, sisi wa Mbulu tumezaliwa ndani yake. Kilichonishtua ni ukimya. Saa hiyo wavuvi wa Basotu huwa wameshaanza kugombana, na ng'ombe wanateremka kunywa. Siku ile hakukuwa hata na mbwa.

Kwenye mawe alisimama askari, amenipa mgongo. Koti lake lilikuwa refu, la zamani, na lilikuwa linachuruzika maji. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

"Shikamoo afande," nikasema.

Hakuitikia. Wewe ni wa kwetu? Kama ni wa kwetu unajua. Mtu mzima anaweza kukuchukia, anaweza kuwa na kesi na baba yako, lakini shikamoo yako ataiitikia. Nikarudia kwa sauti zaidi.

Akageuka polepole, mwili mzima kwa pamoja, kama mtu ambaye shingo imekaza. Uso ulikuwa wa kawaida, ndugu yangu. Hiyo ndiyo inayonitisha mpaka leo. Uso wa mtu aliyechoka.

"Umechelewa," akasema.

Kisha akayataja majina yangu. Yote matatu, kwa mpangilio niliouandika.

"Lindo la Ziwani," akaendelea, kama anayesoma. "Bunduki moja. Tochi moja, haiwaki. Koti moja. Hakuna la kuripoti. Sema umepokea."

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Nilifikiri, na hilo ndilo tatizo langu, huwa nafikiri. Nilifikiri ni askari wananitania kwa sababu ni raia. Nikafikiri pia pengine ni mtihani, nikimgomea ataniripoti, mkuu hatasaini. Na chini ya hayo yote, mahali ambapo mtu hafikirii, nilishajua. Miguu yangu ilijua. Ilikuwa baridi mpaka magotini.

"Nimepokea," nikasema.

Akavua koti akanivika mabegani. Uzito wake! Kama kubebeshwa mtu aliyelowa. Akapita kando yangu akielekea nyikani, na alipofika hatua kumi hivi nikasikia sauti yake, nyepesi, kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Marahaba."

Nilitaka kugeuka nimwone anakwenda wapi. Shingo haikugeuka. Miguu haikunyanyuka. Niliangalia maji. Nakumbuka nikijiambia zimepita dakika tano.

"We raia! Wewe! Nakuita kutoka kule chini, umekuwa kiziwi?"

Ilikuwa Sajini Paskalina, na jua lilikuwa limepanda. Ilikuwa saa nne kamili asubuhi. Miguu ikalegea ghafla, nikaanguka. Hapakuwa na koti. Lakini aliponiinua alishika shati langu, akaachia. Lilikuwa kavu kote, ila mabegani na mgongoni limelowa chapachapa.

"Umeandika jina gani kwenye kile kisanduku?"

"Langu. Nilikuwa najaribu tu."

"Na hapa umesema nini?"

"Nimesema nimepokea."

Akavua kofia, akakaa juu ya jiwe. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Akaniambia. Miaka ile yeye alikuwa askari mpya. Koplo Gidahoi aliingia lindoni jioni, na wa kumpokea alikuwa ametoroka kwenda kwao Yaeda Chini. Kanuni za zamani zilimtaka mlinzi asubiri mpaka apokewe, hata iwe siku ngapi. Hakuna aliyemkumbuka, kila mtu akidhani amepokewa. Walimkuta siku ya tatu, kwenye mvua, amesimama, ameshakufa. Tangu hapo hawakulifuta jina lake, maana hakuwa amepokewa, na hawakuandika jina lingine baada yake, maana huyo angeitwa.

"Ndiyo mstari tuliokuwa tunapiga," akasema. "Ulikuwa unamzuia mtu kama wewe."

Tukaenda mbio kwenye kompyuta. Jina la Koplo Gidahoi halikuwepo. Pale lilipokuwa, lilikuwa langu. Kisanduku cha kunipokea kilikuwa kitupu. Nikabonyeza kufuta. Programu ikagoma: HAWEZI KUONDOLEWA MPAKA APOKEWE. Maneno hayo niliyaandika mimi.

Nilizunguka kanuni, nikalitoa jina langu kwa nguvu kutoka ndani kabisa. Likatoka kwenye skrini, kisanduku kitupu kikabaki. Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, niliamka nimesimama katikati ya chumba, uso umeelekea ziwani, nimelowa mabega. Nilisimama hivyo mpaka saa nne.

Masaa manne tu, unaona? Kanuni mpya. Koplo hakuwa nayo.

Mkuu alisaini. Nikaajiriwa, nafanyia kazi nyumbani, kuanzia mchana. Mama anajua, anatandika gunia sakafuni ili maji yasiozeshe mbao. Padri amekuja mara mbili. Nikilala Maretadu au Arusha, naamka nimeelekea Basotu. Wiki iliyopita mdogo wangu Neema alirudi likizo kutoka shule ya bweni, akanikuta pale chumbani ikiwa bado saa tatu asubuhi.

"Shikamoo kaka."

Mdomo wangu ukafunguka, na kilichotoka hakikuwa marahaba.

"Umechelewa," nilimwambia.

Alilia siku nzima. Mimi nililia zaidi, kwa sababu nilipomwona mlangoni nilihisi faraja, faraja kubwa sana, kama mtu anayeona mwenzake wa zamu anakuja.

Ndiyo maana nakuandikia. Ile programu bado naihudumia mimi, na nywila ninayo. Kila siku saa nne, miguu ikiachiwa, nakaa mbele ya kile kisanduku kitupu na kukitazama. Bado sijaandika mtu. Nimepiga mstari kwenye karatasi nikaubandika juu ya skrini, mahali kilipo, lakini karatasi inabanduka.

Kwa hiyo usiseme umepokea kitu ambacho hukijui. Na mtu akikuuliza majina yako yote ili ajaribu tu, mnyime. Ukitaka kuniandikia kuhusu kisa hiki, niandikie, nitafurahi. Ila nakuomba, weka jina moja tu. Usiniwekee matatu.