Wimbo wa Cucu Uliokwama Ukurasa wa Kwanza

Kuna siku moja, mwanangu, hainitoki kichwani hata nikijaribu kuicheka. Ndiyo, nimekuita mwanangu. Wewe uko Form One na mimi Form Three, na ndevu zangu bado zinafikiria kama zitakuja. Lakini kwa mambo ya kompyuta nimezeeka mapema, na uzee huo niliupatia kaburini kwa cucu, kule Elburgon. Kwa hivyo kaa chini, wacha kubonyeza bonyeza, usikize mzee wako.

Cucu, nyanya yangu, mama yake mathe wangu, aliugua mwaka jana. Alipoona haponi, alituita kando ya kitanda akatoa maagizo kama mwalimu wa zamu. Hakutaka kwaya ya vijana na kinanda chao cha stima. Alitaka wimbo mmoja wa zamani wa Kikuyu, ule ambao yeye na guka, babu yangu, waliimba kanisani hata kabla hawajaoana, na alitaka guka ndiye auongoze, beti zote tatu. "Asiruke hata moja," alisema. "Na asiimbe kama mtu anaita ng'ombe." Guka akacheka, akakubali. Sote tulimsikia akikubali.

Shida ni kwamba guka alikuwa ameanza kusahau. Sauti ya wimbo alikuwa nayo, lakini maneno baada ya ubeti wa kwanza yalikuwa yanamtoroka. Kitabu chake cha nyimbo kilikuwa kimechanika, maandishi yake madogo kama sisimizi. Halafu kuna ule mkono. Mashine ya kupasua mbao ilimkata vidole akiwa bado kijana, mkono wa kulia ukabaki na gumba na kidole cha mwisho, na kufungua karatasi nyembamba mbele ya watu ilikuwa kazi. Simu aliiweza, bora umwekee kitu kikubwa cha kubonyeza.

Mimi likizo husaidia kwa cyber moja, duka la kompyuta hapa Kaptembwo, kwa hivyo nikajitolea. Nikaandika nyimbo zote za kitabu hicho kwa kompyuta, herufi kubwa kama za bango la mwanasiasa. Kurasa zikawa nyingi ajabu. Ndiyo maana nikaweka yaliyomo pale mbele: majina ya nyimbo yote yamepangwa, ukibonyeza jina unarushwa hadi kwa wimbo wenyewe. Siku moja guka akitoka kumwona cucu hospitali, alipitia cyber nikamwonyesha. Nikabonyeza, ikaruka. Akaniambia nirudie. Nilirudia mpaka mwenye cyber akatuuliza kama tumehamia pale.

Wiki hiyo hiyo cucu akatuacha.

Sasa sikiza vizuri. Kwa cyber kila mtu anataka karatasi. Mkono wangu umezoea Print, nafikiri hata nikilala unaenda Print. Kwa hivyo asubuhi ya kwenda mazishi, nikiwa na haraka na macho yamevimba, nilibonyeza Print, nikachagua ile ya kutoa PDF, nikamtumia guka kwa simu. Ukiiangalia, faili ilikuwa safi kabisa. Yaliyomo yapo, nambari za kurasa zipo, hata ile rangi ya bluu niliyoweka ipo. Lakini Print kazi yake ni kutengeneza karatasi, na karatasi haina linki. Kilichobaki ni sura yake tu, kama mlango uliochorwa ukutani. Mimi sikujua. Sikuifungua kwa simu yoyote.

Kule Elburgon kulikuwa na ile baridi ya msitu inayoingia mpaka ndani ya soksi. Jeneza lilipofika kaburini guka alisogea, akavua kofia, akatoa simu. Akabonyeza jina la wimbo. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Akapangusa gumba kwa koti, akalipulizia pumzi ya moto, akabonyeza. Nilikuwa ng'ambo ya kaburi, nyuma ya mathe, na nilijua kabla yeye hajajua.

Akafunga macho, akaanza kwa kichwa. Ubeti wa kwanza aliuimba wote, tena vizuri, ng'ombe hata mmoja asingegeuka. Wazee wachache wakamfuata kwenye kiitikio. Ubeti wa pili haukuja. Akarudia ule wa kwanza. Akajaribu kushusha kurasa kwa gumba, zikapita moja moja, na wimbo ulikuwa mwisho mwisho. Nikaanza kuzunguka kaburi nikikanyaga watu viatu, lakini kabla sijamfikia mchungaji alikuwa ameshamshika bega kwa upole na kuipa kwaya ishara. Vijana wakaanza wao. Udongo ukaanza kuingia.

Guka hakupinga. Alisema tu, kwa sauti ya chini ambayo niliisikia kwa sababu nilikuwa nimefika, "Ngojeni. Wimbo wake haujaisha."

Watu walipotawanyika aliniuliza kama simu hukataa mikono ya watu waliokatwa na mashine. Kumbe alidhani ni gumba lake. Hilo singeweza kumwachia abebe, nikamweleza kwamba gumba halina makosa, ni mimi nilitoa faili vibaya. Nikangoja maneno makali. Hayakuja.

"Ungeniletea nijaribu hapa nyumbani," alisema. "Ingekataa, tungecheka sisi wawili. Cucu yako angekuwa bado hajashuka."

Jumamosi iliyofuata nikamletea faili nyingine, safari hii haikupitia Print. Tulisimama kaburini, akabonyeza jina, wimbo ukaja papo hapo, beti zote tatu. Nilidhani ataimba. Aliusoma kimya, midomo ikitembea, kisha akarudisha simu mfukoni.

"Cucu yako alienda na ubeti mmoja tu," akasema, tukarudi nyumbani.

Basi mwanangu, ukiandika kitu kirefu, majina ya sura usiyakuze kwa mkono tu. Yape mtindo wa Heading, ndio kompyuta ijue hivyo ni vichwa, halafu iambie ijitengenezee yaliyomo yenyewe. Ukibadilisha kitu, yaliyomo uyasasishe. Ukimaliza, usipitie Print. Pitia Export ama Save As, uingie Options, uhakikishe pale panaposema Create bookmarks using Headings pamewekwa alama. Halafu, na hii nakuomba kwa magoti, itume kwa simu ya yule mtu mwenyewe, abonyeze kwa kidole chake, wewe ukiwa umekaa hapo unaona. Kwa kompyuta yako kila kitu hukubali; huko si kujaribu, ni kujisifu. Na usiseme eti yako ni projekti ya mwalimu tu, haiwezi kuumiza mtu. Hujui faili yako itafunguliwa siku gani, na nani, mbele ya nani.

Nenda basi. Mungu akuwekee wazee wako hai mpaka umalize kujaribu, akupe muda wa kukosea mkiwa nyumbani, na kila jina utakalobonyeza likuitikie.