Waumini walimwombea Ulaya, yeye alikuwa Zegereni

Saa moja asubuhi, katika kiwanda kimoja cha plastiki huko Zegereni, Kibaha, mashine inatema ndoo ya bluu ikiwa bado na joto. Recho Pazi anaidaka kwa mikono yenye glavu, anaizungusha juu ya goti, na kwa kisu kifupi anakata plastiki iliyozidi mdomoni. Kabla hajaiweka kwenye rundo, nyingine imeshaanguka.

"Mzungu, leo umelala?" anauliza Sikuzani, anayeketi kuume kwake akipachika mishikio. "Ndoo zinakupita hizo."

Recho anadaka inayofuata. Jina hilo la Mzungu alilipata wiki yake ya kwanza hapa, alipoteleza ulimi akamshukuru msimamizi kwa Kijerumani.

Ana umri wa miaka 24 na analipwa Sh9,000 kwa siku. Kwa miezi sita, wakati akikata ndoo hizi, waumini wa usharika wake wa Kilutheri wilayani Kisarawe walimwombea kila Jumapili kama binti yao anayehudumia wazee Ulaya. Kutoka kiwandani hadi kanisani hapo ni mwendo usiofika saa mbili kwa gari.

"Mama peke yake ndiye aliyejua," anasema. "Anakaa benchi la tatu. Wakimaliza kuniombea, na yeye anasema amina. Namdanganyisha mama yangu kanisani. Hilo ndilo lililonishinda kubeba."

Usharika ulimuaga Agosti mwaka jana. Mnada wa baada ya ibada, ambao kwa kawaida huuza muhogo, mayai na kuku waliotolewa sadaka, siku hiyo ulifanywa kwa ajili ya nauli yake. Kina mama walimpa mfuko wa korosho za Masaki, hapo hapo Kisarawe, awapelekee wenyeji wake.

Walipaswa kuondoka vijana watatu, kwenda kuhudumia wazee Ujerumani kwa mwaka mmoja. Viza za wawili zilichelewa, akaondoka peke yake. Tiketi ya ndege iliishia Milano, Italia. Kutoka hapo ilikuwa treni, kuvuka Uswisi na Ujerumani nzima hadi mji mdogo wa pwani ya kaskazini.

"Nilikuwa nawasalimia wote wanaoingia," anasema. "Wengine wanatabasamu, wengine wanavuta mikoba yao karibu. Nikaacha, nikawa naimba moyoni."

Katika treni ya mwisho, mzee mmoja na mkewe waliingia, wakasimama. Recho alinyanyuka akawapisha, kisha akasogea behewa hadi behewa kutafuta pengine pa kukaa, mpaka akafika mbele kabisa. Hakuelewa tangazo lililosema kwamba kituo kinachofuata treni itakatwa vipande viwili. Nusu ya nyuma, alikoacha kiti chake, ilikwenda alikotakiwa kwenda. Nusu ya mbele ilimpeleka mji mwingine. Mwanamke anayeuza mikate kituoni ndiye aliyewapigia simu wenyeji wake wakamfuate.

Alimsimulia mchungaji kwa ujumbe wa sauti, akicheka. Mchungaji aliucheza mbele ya kipaza sauti. Tangu siku hiyo watoto wa shule ya Jumapili walifundishwa habari za Recho aliyepotea Ulaya kwa sababu ya kuwapisha wazee.

Kuhusu kilichofuata, hakumtumia mtu ujumbe.

Kwenye usaili alikuwa ameulizwa kama yuko tayari kuhudumia wazee. Alijibu kwamba ndiyo kazi aliyokulia, na hakudanganya. Kwao, mjukuu wa kike huteka maji ya babu, huyapasha moto, huyapeleka bafuni na sabuni, husema "Babu, maji tayari", kisha huondoka. Heshima yenyewe iko katika kuondoka. Binti anayebaki pale hana adabu.

Katika nyumba ya kutunzia wazee, wiki chache za kwanza alilisha watu, akasukuma viti vya magurudumu, akapendwa. Kisha asubuhi moja muuguzi alimwelekeza kwa mzee aliyepooza upande mmoja, aliyekuwa amekaa kitandani bila shati, amwogeshe.

Recho alileta beseni, sabuni na taulo. Akaviweka kwenye meza mbele ya yule mzee. Akasema kwa Kiswahili, maana ndivyo ulimi ulivyozoea, "Babu, maji tayari." Akatoka, akafunga mlango, akasimama nje kusubiri aitwe.

"Nilidhani nimefanya vizuri," anasema.

Muuguzi alipofungua mlango, maji yalikuwa yamepoa na mzee alikuwa anatetemeka. Mkono wake mmoja ulikuwa umefika ukingoni mwa beseni na kuishia hapo.

Hakuna aliyemgombeza. Walimwonyesha namna ya kufanya. Akashika kitambaa, akageuza uso, mkono ukagoma.

"Akaniona nimegeuza uso," anasema Recho, macho yake yakiwa kwenye ndoo. "Akavuta shuka kwa ule mkono mmoja, akajifunika. Mtu mzima yule, umri wa kumzaa baba yangu, nimemtia aibu ya mwili wake mwenyewe. Kwenye treni nilimpa mzee kiti. Huyu nilimnyima maji."

Walimpa nafasi ya kuhamia jikoni. Alikataa, kwa sababu jikoni angemwona yule mzee kila wakati wa chakula. Wiki ya saba aliomba kurudi nyumbani. Alikuwa ameahidi mwaka mzima.

Alipotua Dar es Salaam alimpigia mama yake, Elinipa, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Mama akamwambia apande gari aje. Recho akasema hawezi kuingia Kisarawe akiwa hivyo, akaenda Kibaha kwa rafiki aliyesoma naye.

"Nilimwambia wiki moja tu, upumzike," anasema Elinipa. "Wiki ikazaa mwezi. Na mimi nikawa mwongo. Nafundisha watoto wa watu wasiseme uongo."

Mwezi uliopita Elinipa aliacha kwenda ibadani Jumapili mbili, akisema anaumwa mguu.

"Mama haumwi mguu," anasema Recho.

Jumapili iliyofuata Recho alikwenda kanisani mwenyewe. Mama alikuwa amemsihi aingie kimya, na wageni watakapoitwa wakati wa matangazo, akae. "Wewe si mgeni hapa," alimwambia. Lakini mzee wa kanisa, Justin, aliposema wageni wasimame, Recho alisimama.

Alisema anaitwa Recho Pazi na kwamba anatokea Kibaha. Kisha akasimulia habari ya beseni, mpaka shuka. Mtu mmoja tu nyuma alicheka, akanyamazishwa.

Mzee Justin ndiye aliyekuwa akiongoza maombi yale ya kila Jumapili. "Kumbe tulikuwa tunaomba, maombi yanapita juu ya kichwa chako hapo Kibaha yanaenda zake Ulaya," alimwambia. Kisha akauliza, "Na huyo mzee anaitwa nani?"

"Anaitwa Otto."

Wakamwombea Otto. Benchi la tatu, Elinipa alisema amina.

Mambo hayakuishia katika amina hiyo. Mama mmoja kati ya waliotoa korosho alimpita mlangoni bila kumsalimia. Vijana wa kwaya wamempa jina la Maji Tayari, na wakimpigia simu huanza kwa kusema, "Babu, maji tayari." Recho huwaacha waseme.

"Wana haki," anasema. "Mimi ndiye niliyesema."

Julai anatarajia kuanza mafunzo ya jioni ya kutunza wagonjwa hapo Kibaha, akiendelea na kazi ya ndoo mchana. Ameshaonana na mwalimu, na swali lake la kwanza lilikuwa kama wanafundisha kuogesha wanaume. Aliambiwa ndiyo, mwezi wa kwanza kabisa. Anakiri anauogopa mwezi huo.

Ndoo nyingine inaanguka. Anaizungusha, anakata, anapitisha kidole gumba mdomoni mwa ndoo kuhakikisha haitamkwaruza atakayeitumia.

"Nikimaliza mafunzo," anasema, "nataka siku moja niseme 'maji tayari', halafu nisitoke."