Mgeni Asiyejua Kukaa

Kuna watu wakikaa bure kidogo tu wanaumwa, na Mama Pasi alikuwa mmoja wao. Alikuwa dobi wa hospitali, mwanamke wa mikono minene na mgongo usiojua kiti. Nyumbani kwake mkwewe akiosha sufuria, yeye huirudia. Kwa hiyo kanisa lao lilipotafuta watu wa kwenda misheni ya majuma mawili ng'ambo ya mpaka, wakapake rangi kanisa la kijiji na kuwatumikia wenyeji, akina mama walimchagua bila hata kupiga kura.

"Msiwe na wasiwasi," aliwaambia waliokuja kumuaga. "Mikono hii haitalala."

Walifika salama. Rangi haikufika. Ilikwama mpakani kwa sababu zilizobadilika kila mchungaji alipopiga simu, na mwishowe akawaambia wakae na wenyeji wao, waombe, wasubiri. Wenzake walimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa likizo ya bure. Mama Pasi alijiona kama mtu aliyealikwa arusini akafungiwa mlango.

Alipangiwa kwa mjane mmoja ambaye kijiji kizima kilimwita Shangazi, mwanamke mwembamba wa maneno machache, mwenye nyumba ya vyumba viwili na sakafu iliyodekiwa mpaka inateleza. Jambo ambalo Mama Pasi hakulijua ni kwamba Shangazi alimpata kwa mbinde. Kamati ya wageni haikutaka kumpa mtu. Mwenyekiti wake, Mzee Kengele, aliitwa hivyo kwa sababu ndiye aliyepiga kengele ya kanisa, na pia kwa sababu hata akinong'ona anasikika bondeni. Huyo alisema waziwazi kwamba mjane anayeletewa unga na kanisa hawezi kulisha mgeni. Shangazi alimfuata nyumbani, akamfuata shambani, akamfuata hata alipokuwa ananyoa ndevu, mpaka mzee akakubali shingo upande. Mgeni angekaa kwa Shangazi kwa majaribio. Likisikika neno baya moja tu, angehamishiwa kwa mzee mwenyewe, penye masofa.

Asubuhi ya kwanza Mama Pasi aliamka pamoja na jogoo ili afagie uwanja. Ulikuwa umeshafagiliwa. Iliyofuata akamtangulia jogoo, akamkuta Shangazi ameinama na fagio mkononi.

"Rudi ukapumzike, dada. Hapa mgeni hagusi fagio."

Mama Pasi akalificha fagio chini ya kitanda. Shangazi akafagia kwa tawi. Mama Pasi akaosha vikombe. Shangazi akavichukua vikiwa vinang'aa, akavirudisha kwenye karai na kuviosha upya. Hapo Mama Pasi alikasirika kweli, maana tabia hiyo ilikuwa yake, na hakuna kinachokera kama kuiona tabia yako kwa mtu mwingine.

"Sikiliza, mwenzangu," alisema. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ni ya nne. Jembe langu liko wapi?"

"Huo ni msemo wa watu wanaopata wageni wengi," alijibu Shangazi, akamsogezea kiti.

Siku moja Shangazi alikwenda shambani, akaacha tenga la nguo chafu nyuma ya mlango. Kosa lake hilo. Mama Pasi alilitazama tenga, tenga likamtazama. Alijaribu kusoma zaburi, akasoma mstari mmoja mara nyingi. Mwishowe akajitwika nguo zote, mashuka na mapazia juu, akaelekea bombani. Huko, nasema kweli, ndiko alikokuwa na furaha kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka. Alifikicha, akasuuza, akakamua, akaimba. Hakuona kwamba wanawake wengine wameacha ndoo zao zinafurika.

"Mama mgeni," mmoja aliuliza, "nani amekutuma?"

"Nimejituma."

Nani angeliamini hilo? Kabla shuka la mwisho halijakamuliwa, habari ilikuwa imeshazunguka kijiji: Shangazi amemgeuza mgeni wa kanisa mfanyakazi wa ndani. Na sauti ya Mzee Kengele ikasikika toka mbali, ikimwambia mtu aliyesimama hapo hapo karibu naye, kwamba jioni kamati itakwenda kumchukua.

Shangazi aliporudi alizikuta nguo kwenye kamba, nyeupe kuliko siku ziliponunuliwa. Hakupiga kelele. Alikaa kizingitini.

"Umeniua, dada," alisema, kisha akamweleza yote, tangu ndevu za mzee hadi masofa.

Mama Pasi aliona aibu mpaka masikio yakawasha. Alikuwa amevuka mpaka kumtumikia mtu, na alichomfanyia ni kumharibia jina.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Kaa."

Akakaa. Kiti kiliwekwa uwanjani, mbele ya njia, kila apitaye aone. Mikono aliikalia, maana hakuiamini. Jani likadondoka miguuni pake, akalitazama kama paka anavyotazama samaki wa jirani, lakini hakuinuka. Kamati ilipotokeza njiani, akakohoa, akapaza sauti ambayo wagonjwa wa wodi tatu wangeifahamu.

"Shangazi! Maji ya kunawa! Yasiwe ya moto sana! Na mto wa mgongoni, huu umelala!"

Shangazi alitoka mbio na maji, akarudi mbio kwa mto.

"Mama," alianza Mzee Kengele, "tumesikia unafulishwa nguo."

"Nimeziiba hizo nguo, mzee. Mwenyewe alikuwa shambani. Mimi kwetu ni dobi, na nikiona nguo chafu nakuwa kama mlevi aliyeona chupa. Kama kuna wa kushtakiwa ni mimi."

"Kwangu kuna masofa."

"Hongera. Mimi hapa natumikiwa mpaka nachoka. Sihami."

Mzee alifungua kinywa atoe hukumu, lakini Shangazi alikuwa ameshamwekea kikombe mkononi, chai nzito ya maziwa, na viazi vya kuchemsha pembeni. Akanywa. Akaongezewa, naye hakukataa. Mtu akishaongezewa chai mara mbili, hukumu inakuwa ngumu kuitoa. Kamati ikaaga ikimsifu mwenyeji, na sifa hizo, kwa sauti ile ya mzee, zilifika kila nyumba.

Walipobaki wawili, Shangazi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Halafu akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, na hakuwa anacheka tena.

"Kila mwezi wananiletea unga," alisema. "Ni wema, Mungu awabariki. Naupokea, nasema asante. Tangu mume wangu afe, dada, kazi yangu ni kusema asante tu. Leo nimeitwa kwa sauti nilete maji, na kijiji kizima kimesikia."

Chai ilikuwa imemjaa Mama Pasi hadi shingoni, na vikombe vichafu vilikuwa vimetapakaa uwanja mzima. Aliinuka nusu, akavitazama kwa uchungu, akaketi tena.

"Sasa mbona umesimama tu?" alisema. "Nitilie nyingine."

Shangazi akamimina mpaka ukingoni.

"Asante," alisema Mama Pasi.

"Karibu," alijibu Shangazi.